Pengo Lililofichua Gesi: Kulinganisha Mitawanyo ya Vipimo kwa Michoro ya Nukta na Histogramu

Mwanafunzi wa sekondari apewapo orodha ya vipimo, aghalabu jambo la kwanza alifanyalo ni kutafuta wastani. Hujumlisha, hugawanya, hupigia mstari jibu lake, na kazi huhesabiwa kuwa imekwisha. Wastani ni chombo kizuri, lakini una tabia moja inayopaswa kujulikana: hupokea habari nyingi na kurudisha habari moja tu. Wanafunzi watano waliopata alama 48, 49, 50, 51 na 52 wana wastani wa 50. Wengine watano waliopata 10, 20, 50, 80 na 90 nao wana wastani wa 50. Mwalimu atakayeyafundisha makundi haya mawili kwa namna moja, eti kwa kuwa wastani wao ni mmoja, atawachosha baadhi na kuwaacha wengine njiani.

Kinachoyatofautisha makundi hayo ni mtawanyo, yaani jinsi vipimo vilivyojipanga: vimesongamana wapi, vimeenea kwa upana gani, na vimeacha nafasi tupu mahali gani. Makala haya yanakusudia kueleza njia mbili za kuuona mtawanyo kwa macho, nazo ni mchoro wa nukta na histogramu, na kuonyesha namna ya kuzitumia njia hizo katika kulinganisha makundi mawili ya vipimo. Njia zenyewe hazihitaji mashine wala hesabu ngumu. Karatasi yenye miraba, rula na penseli vyatosha. Hata hivyo si mchezo wa watoto. Ili kulithibitisha jambo hilo, mfano utakaotumiwa ni wa vipimo halisi vilivyochukuliwa nchini Uingereza mwishoni mwa mwaka 1893 na mwanzoni mwa mwaka 1894. Tofauti ndogo iliyokuwamo katika vipimo hivyo ilifungua njia ya kugunduliwa kwa gesi ambayo kila mtu alikuwa akiivuta puani tangu kuzaliwa kwake bila ya yeyote kuitambua.

TATIZO LA RAYLEIGH

John William Strutt, ajulikanaye zaidi kwa cheo chake cha Lord Rayleigh, alikuwa mwanafizikia aliyejishughulisha kwa miaka mingi na kupima densiti za gesi. Njia yake ilikuwa rahisi kuieleza lakini ngumu kuitekeleza. Alikuwa na chupa ya kioo ya mviringo yenye ujazo usiofika lita 2. Aliipima ikiwa tupu, kisha akaijaza gesi katika halijoto na kanieneo maalumu, akaipima tena. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ilimpa uzito wa gesi iliyomo. Kwa kuwa naitrojeni ya kuijaza chupa hiyo haikufika gramu 2 na nusu, kosa la miligramu chache lingeweza kuiharibu kazi yote.

Naitrojeni yenyewe aliipata kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa kuchukua hewa ya kawaida na kuiondoa oksijeni, mvuke wa maji na kabonidayoksaidi. Kilichobaki kilidhaniwa kuwa ni naitrojeni tupu. Njia ya pili ilikuwa kuitoa naitrojeni katika kampaundi zake, kama vile naitriki oksaidi, naitrasi oksaidi na amoniamu naitraiti. Kwa mujibu wa kemia ya wakati huo, naitrojeni ni naitrojeni, itoke hewani au itoke katika kampaundi. Uzito wa chupa iliyojaa ulitakiwa kuwa mmoja.

Haukuwa mmoja. Mwezi Septemba 1892 Rayleigh alichapisha barua katika jarida la Nature akiwaomba wanakemia wamsaidie kuieleza tofauti aliyoiona. Swali lililomkabili ndilo linalomkabili mpimaji yeyote: je, tofauti hii ni kosa la upimaji, ambalo halikosekani katika kazi ya mkono wa binadamu, au ni jambo la kweli lililomo katika maumbile? Akichukulia kuwa ni kosa, dawa yake ni kutafuta wastani wa vipimo vyote na kuendelea na kazi nyingine. Akichukulia kuwa ni jambo la kweli, hana budi kulitafuta mpaka alipate. Jibu haliwezi kutolewa kwa kubahatisha, wala wastani peke yake hauwezi kulitoa.

VIPIMO VYENYEWE

Jedwali la 1 linaonyesha vipimo 15 vya Rayleigh, vikiwa vimekadiriwa hadi nafasi 4 za desimali. Kila namba ni uzito, kwa gramu, wa gesi iliyojaza chupa ile ile katika hali ile ile.

Jedwali la 1. Uzito wa naitrojeni (gramu)

A. Naitrojeni iliyotokana na kampaundi
Naitriki oksaidi: 2.3014, 2.2989, 2.2982, 2.3018
Naitrasi oksaidi: 2.2987, 2.2994
Amoniamu naitraiti: 2.2985, 2.2989

B. Naitrojeni iliyotokana na hewa
Oksijeni ikiwa imeondolewa kwa chuma cha moto: 2.3102, 2.3099, 2.3101, 2.3100
Oksijeni ikiwa imeondolewa kwa haidroksaidi ya chuma: 2.3102, 2.3101, 2.3103

Msomaji azitazame namba hizo kwa muda. Zote zinaanza na 2.29, 2.30 au 2.31, na kwa jicho la haraka zinafanana kama punje za mahindi. Tofauti kati ya kipimo kikubwa kabisa na kidogo kabisa ni gramu 0.0121, ambayo ni kama nusu ya sehemu moja katika mia ya uzito wote. Mtu angeweza kusema kwamba hilo si jambo la kukosesha usingizi.

Akitafuta wastani wa vipimo vyote 15, atapata gramu 2.3044. Namba hiyo aiweke kando, itarejewa baadaye.

MCHORO WA NUKTA

Kuchora mchoro wa nukta kuna hatua tatu. Kwanza, huchorwa mstari mmoja wenye vipimo, kuanzia chini kidogo ya kipimo kidogo kabisa hadi juu kidogo ya kipimo kikubwa kabisa. Nafasi za mstari huo sharti ziwe sawa kwa sawa, na hata mahali ambapo hakuna kipimo sharti paonyeshwe. Pili, kwa kila kipimo huwekwa nukta moja mahali pake. Tatu, vipimo viwili au zaidi vikiangukia mahali pamoja, nukta zake hupangwa moja baada ya nyingine, kama wanafunzi katika mstari. Makundi mawili yakichorwa pamoja, kila kundi hupewa alama yake.

Katika Mchoro wa 1 mstari wa vipimo umesimamishwa wima ili kurahisisha uchapaji. Kila ngazi ni miligramu moja, yaani gramu 0.001, kipimo cha 2.2982, kwa mfano, kimewekwa katika ngazi ya 2.298. Nukta nyeusi ni naitrojeni ya kampaundi, na duara tupu ni naitrojeni ya hewa.

Mchoro wa 1

2.298 | ● ● ● ● ●
2.299 | ●
2.300 |
2.301 | ● ●
2.302 |
2.303 |
2.304 |
2.305 |
2.306 |
2.307 |
2.308 |
2.309 | ○
2.310 | ○ ○ ○ ○ ○ ○

Jambo ambalo jedwali lililificha sasa limejitokeza lenyewe. Vipimo havikutawanyika kuuzunguka wastani mmoja. Vimegawanyika katika makundi mawili, na katikati yake pamebaki uwanja mtupu. Nukta nyeusi zote ziko upande mmoja, na duara zote ziko upande wa pili. Hakuna hata moja iliyovuka.

Sasa ile namba ya wastani, 2.3044, irejewe na kutafutwa katika mchoro. Inaangukia katika ngazi ya 2.304, katikati ya uwanja mtupu. Ni namba sahihi kwa hesabu, lakini haiwakilishi kipimo chochote kilichopata kuchukuliwa, na hakuna kipimo hata kimoja kilichoikaribia. Anayeitoa namba hiyo kuwa ni "uzito wa naitrojeni" ni sawa na msafiri anayesema kwamba makazi yake ni katikati ya bahari, kwa kuwa nyumba yake moja iko Unguja na nyingine iko Pemba.

KUUSOMA MCHORO

Kuchora ni nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni kusoma. Kila mara makundi mawili yanapolinganishwa, inafaa kuuliza maswali manne, na kuyauliza kwa utaratibu huu.

Swali la kwanza ni la katikati: kila kundi limekaa wapi? Katika kundi A, vipimo vikipangwa kutoka kidogo hadi kikubwa, namba ya kati ni 2.2989 na wastani ni 2.2995. Katika kundi B namba ya kati ni 2.3101, na wastani nao ni 2.3101. Kwa hiyo wastani wa kundi la hewa umezidi wastani wa kundi la kampaundi kwa gramu 0.0106, yaani zaidi kidogo ya miligramu 10.

Swali la pili ni la upana: vipimo vya kila kundi vimeenea kiasi gani? Kundi A limeenea kutoka 2.2982 hadi 2.3018, upana wa gramu 0.0036. Kundi B limeenea kutoka 2.3099 hadi 2.3103, upana wa gramu 0.0004 tu. Upana huu ndio unaompa mpimaji kadirio la makosa yake. Gesi ya namna moja ikipimwa mara kadhaa kwa chombo kile kile, na vipimo vikatofautiana, tofauti hiyo inatoka katika upimaji au katika utayarishaji wa gesi. Mtu hahitaji kuambiwa na mwingine kwamba mizani yake inaaminika kiasi gani. Nukta zake zinamwambia.

Swali la tatu ni la umbo: je, vipimo vimerundikana mahali pamoja na kupungua pande zote mbili, au vimeegemea upande mmoja? Kundi B limesongamana vizuri. Kundi A lina vipimo 6 vilivyokaribiana na vingine 2 vilivyoelekea juu, 2.3014 na 2.3018. Hii ndiyo sababu wastani wa kundi A umezidi namba yake ya kati: vipimo viwili vya juu vimeuvuta. Tena, vyote viwili vilitokana na naitriki oksaidi. Mchoro haumwambii msomaji sababu ya jambo hilo, lakini unamwonyesha mahali pa kuulizia.

Swali la nne ni la mapengo na vipimo vilivyojitenga. Hapa ndipo penye kiini cha mfano wote. Kipimo kikubwa kabisa cha kundi A ni 2.3018, kipimo kidogo kabisa cha kundi B ni 2.3099. Pengo lililopo kati yake ni gramu 0.0081. Pengo hilo lilinganishwe na upana wa makundi yenyewe. Ni zaidi ya mara mbili ya upana wa kundi A, na ni mara 20 ya upana wa kundi B. Ikiwa makosa ya upimaji ndiyo yaliyoleta tofauti kati ya makundi, ingekuwaje makosa hayo yawe madogo kila mara ndani ya kundi, na makubwa kila mara baina ya makundi? Makosa ya bahati nasibu hayana adabu ya namna hiyo. Hayajui ni chupa ipi imejazwa gesi ya hewa na ni ipi imejazwa gesi ya kampaundi.

Kwa hiyo tofauti ilikuwa na chanzo, na chanzo hicho kilikuwa katika gesi zenyewe.

HISTOGRAMU NA UPANA WA MAFUNGU

Mchoro wa nukta wafaa sana vipimo vikiwa vichache, kwa mfano chini ya 50. Vikiwa mamia, nukta hupandana na kuwa doa jeusi. Hapo ndipo histogramu inapohitajika. Neno hilo lilianza kutumiwa na mwanatakwimu Mwingereza Karl Pearson katika miaka ya 1890, miaka ile ile ambayo Rayleigh alikuwa akipima gesi zake.

Katika histogramu, mstari wa vipimo hugawanywa katika mafungu yenye upana sawa. Idadi ya vipimo vilivyoangukia katika kila fungu huhesabiwa, na juu ya kila fungu husimamishwa nguzo ambayo urefu wake ni idadi hiyo. Nguzo hugusana, kwa sababu mstari wa vipimo hauna ufa; mahali ambapo hapana nguzo pana maana, nayo ni kwamba hakuna kipimo kilichopatikana hapo. Kipimo kinachoangukia mpakani hasa huwekwa katika fungu la juu, na kanuni hiyo hufuatwa tangu mwanzo hadi mwisho.

Histogramu ina uwezo mkubwa, lakini ina hatari ambayo mchoro wa nukta hauna kwa kiasi hicho: sura yake hutegemea upana wa mafungu uliochaguliwa na mchoraji. Vipimo 15 vya Rayleigh vitatumiwa kuonyesha jambo hilo, vikiwa vimechanganywa pamoja kana kwamba hakuna aliyejua vilikotoka.

Jedwali la 2. Vipimo 15 katika mafungu ya upana mbalimbali

Upana wa gramu 0.02
2.28 hadi 2.30: vipimo 6
2.30 hadi 2.32: vipimo 9

Upana wa gramu 0.01
2.29 hadi 2.30: vipimo 6
2.30 hadi 2.31: vipimo 3
2.31 hadi 2.32: vipimo 6

Upana wa gramu 0.005
2.295 hadi 2.300: vipimo 6
2.300 hadi 2.305: vipimo 2
2.305 hadi 2.310: kipimo 1
2.310 hadi 2.315: vipimo 6

Upana wa gramu 0.002
2.298 hadi 2.300: vipimo 6
2.300 hadi 2.302: vipimo 2
2.302 hadi 2.304: hakuna
2.304 hadi 2.306: hakuna
2.306 hadi 2.308: hakuna
2.308 hadi 2.310: kipimo 1
2.310 hadi 2.312: vipimo 6

Katika mgawanyo wa kwanza kuna nguzo mbili tu zilizogusana, na msomaji hawezi kujua lolote ila kwamba vipimo vingi kidogo viko upande wa juu. Katika mgawanyo wa pili pana bonde katikati, lakini bonde hilo lina vipimo 3. Mtu anaweza kudhani kwamba vipimo vimeenea kutoka mwanzo hadi mwisho bila kukatika. Mgawanyo wa tatu nao hauna fungu hata moja lililo tupu. Ni katika mgawanyo wa nne tu ndipo pengo linapoonekana: mafungu matatu mfululizo yasiyo na kitu.

Vipimo ni vile vile katika migawanyo yote minne. Hakuna aliyedanganya, wala hakuna hesabu iliyokosewa. Hata hivyo michoro mitatu ya kwanza imelificha jambo lililokuwa na thamani kuliko mengine yote. Kwa upande mwingine, mtu akikaza sana na kuchukua mafungu ya upana wa gramu 0.0001, atapata nguzo 12 zenye urefu wa 1 au 2 zilizotapakaa huku na huku, na umbo la mtawanyo litapotea katika vijinguzo hivyo. Kama ilivyo kwa kokeni la kamba, ukilegeza mno unapoteza na ukikaza mno unapoteza.

Kanuni inayofuata hapa ni nyepesi: histogramu isichorwe mara moja tu. Ichorwe kwa upana usiopungua wa namna tatu, na michoro hiyo iwekwe kando kwa kando. Jambo linaloonekana katika mchoro mmoja na kutoweka katika mwingine lichunguzwe kwa kurudia vipimo vyenyewe. Mwaka 1977 mwanatakwimu wa Marekani, John Tukey, alivitumia vipimo hivi hivi vya Rayleigh katika kitabu chake juu ya uchunguzi wa takwimu, kuonyesha kwamba muhtasari, hata ukiwa mzuri, waweza kuficha mgawanyiko wa namna hii.

KULINGANISHA HISTOGRAMU MBILI

Makundi mawili yanapochorwa kila moja kwa histogramu yake, mambo matatu yazingatiwe.

Kwanza, mstari wa vipimo uwe mmoja kwa michoro yote miwili, wenye mwanzo mmoja, mwisho mmoja na mafungu ya upana mmoja. Michoro iwekwe mmoja juu ya mwingine ili jicho lishuke wima na kuona ni nguzo ipi inayokaa upande gani. Wanafunzi wengi huchora kila histogramu kwa vipimo vyake, na matokeo yake makundi yaliyo mbalimbali hufanana, na yanayofanana huonekana mbalimbali.

Pili, makundi yakiwa na idadi zisizo sawa, urefu wa nguzo uwe ni asilimia na siyo idadi. Katika mgawanyo wa nne hapo juu, fungu la 2.298 hadi 2.300 lina vipimo 6 vya kundi A, na fungu la 2.310 hadi 2.312 lina vipimo 6 vya kundi B. Kwa idadi, nguzo hizo mbili ni sawa. Lakini kundi A lina vipimo 8 na kundi B lina 7. Kwa hiyo nguzo ya kwanza ni asilimia 75 ya kundi lake, na ya pili ni karibu asilimia 86. Shule yenye mikondo miwili, mmoja wa wanafunzi 35 na mwingine wa wanafunzi 60, haitaweza kulinganisha matokeo yake kwa haki isipokuwa kwa njia hii.

Tatu, asili ya kila kipimo isipotee. Vipimo vya Rayleigh vilisema kitu kwa sababu kila kimoja kilikuwa na maelezo ya gesi ilikotoka na jinsi ilivyosafishwa. Daftari lenye namba tupu, bila tarehe, bila chombo na bila jina la sampuli, haliwezi kuokolewa na mchoro wa aina yoyote.

PENGO LILIKUWA NA NINI

Rayleigh hakuridhika kuiona tofauti, aliijaribu. Huenda gesi ya hewa ilibakiwa na oksijeni, ambayo ni nzito kuliko naitrojeni? Hapana: ili kuleta tofauti ile, ingehitajika oksijeni ya sehemu 3 hadi 4 katika kila mia, kiasi ambacho kisingeweza kusalia baada ya kusafishwa. Huenda gesi ya kampaundi ilikuwa na molekuli zilizovunjika, na kwa hiyo ikawa nyepesi? Aliihifadhi kwa miezi 8 na kuipima tena. Uzito wake haukubadilika. Kinyume cha desturi ya wapimaji wengi, ambao wakiona hitilafu hujitahidi kuipunguza, yeye alijitahidi kuikuza. Katika majaribio yake ya awali gesi yake ya "kampaundi" ilikuwa imechanganyika na naitrojeni ya hewa, na tofauti ilikuwa kama sehemu 1 katika 1,000. Alipohakikisha kwamba naitrojeni yote inatoka katika kampaundi, tofauti ilikua hadi kama sehemu 1 katika 200. Kosa la bahati nasibu halikui kwa utii namna hiyo.

Mwaka 1894 mwanakemia William Ramsay alijiunga naye katika uchunguzi huo. Ramsay aliipitisha naitrojeni ya hewa juu ya magnesi ya moto, ambayo huinyonya naitrojeni, akairudia kazi hiyo tena na tena. Gesi iliyobaki ilizidi kupungua, na kadiri ilivyopungua ndivyo densiti yake ilivyozidi. Mwishowe ilibaki gesi ambayo haikukubali kuungana na kitu chochote, na ambayo nuru yake ilipochunguzwa ilionyesha mistari isiyolingana na ya elementi yoyote iliyojulikana. Waliipa jina la agoni, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya "mvivu". Matokeo kamili yalisomwa mbele ya Royal Society mjini London mwezi Januari 1895.

Ilionekana pia kwamba Henry Cavendish alikuwa amefika karibu na gesi hiyo mwaka 1785. Alipoiondoa naitrojeni ya hewa kwa cheche za umeme, kilimbakia kiputo kidogo kisichozidi sehemu 1 katika 120. Alikiandika, lakini kwa muda wa zaidi ya miaka 100 hakuna aliyekifuatilia hadi mwisho.

Mwanafunzi anaweza kuhakikisha mwenyewe kwamba agoni inatosha kulieleza pengo la Mchoro wa 1. Katika kila sehemu 100 za hewa kavu, naitrojeni ni kama 78, oksijeni ni kama 21, na agoni ni 0.93. Oksijeni ikiondolewa, hubaki sehemu 79 hivi, na katika hizo agoni ni karibu sehemu 1.2 katika kila mia. Molekuli ya naitrojeni ina uzito wa 28 na agoni ina uzito wa 40, yaani imeizidi naitrojeni kwa asilimia 43. Asilimia 43 ya 1.2 ni karibu 0.5. Kwa hiyo naitrojeni ya hewa inatazamiwa kuwa nzito kwa karibu nusu ya sehemu moja katika mia. Tofauti ya wastani wa makundi A na B ni gramu 0.0106 katika gramu 2.2995, ambayo ni 0.46 katika mia. Hesabu na mizani vinakubaliana.

Mwaka 1904 Rayleigh alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia, na Ramsay ile ya kemia. Leo agoni hutumika kuikinga metali ya moto isiungue wakati wa kuchomelea, na hujazwa katika balbu za umeme zenye waya unaowaka.

KAZI YA DARASANI

Somo hili halitakamilika bila wanafunzi kupima kitu kwa mikono yao. Zoezi lifuatalo halihitaji maabara.

1. Kila kikundi kichume majani 40 ya mwembe mmoja: 20 kutoka matawi ya nje yanayopigwa na jua siku nzima, na 20 kutoka matawi ya ndani yaliyo kivulini. Majani yachumwe bila kuchagua, na machanga yaachwe. Kila jani liandikwe lilikotoka.

2. Urefu wa kila jani upimwe kwa rula hadi milimita moja. Majani 5 yapimwe mara ya pili na mwanafunzi mwingine asiyeyajua majibu ya kwanza. Tofauti kati ya vipimo hivyo viwili itawaonyesha wanafunzi ukubwa wa makosa yao.

3. Uchorwe mchoro wa nukta wenye mstari mmoja na alama mbili, moja kwa majani ya juani na nyingine kwa majani ya kivulini. Kisha zichorwe histogramu za kila kundi kwa mafungu ya milimita 5, milimita 10 na milimita 40.

4. Yajibiwe maswali manne: ya katikati, ya upana, ya umbo, na ya mapengo. Mwalimu asitoe jibu la zoezi kabla ya nukta kuwekwa. Makundi yakipishana kwa sehemu, kama yalivyo mengi katika viumbe hai, wanafunzi waseme ni majani mangapi ya kundi moja yamevuka namba ya kati ya kundi la pili.

5. Mwishowe wanafunzi watafute wastani, na kuuweka alama juu ya mchoro wao. Waulizwe: je, mahali hapa pana majani, au ni mahali patupu?

Swali hilo la mwisho ndilo la kubaki nalo. Wastani utafutwe, lakini utafutwe baada ya vipimo vyote kuonekana. Agoni haikuwa imefichwa chini ya ardhi wala katika nchi ya mbali. Ilikuwa katika kila chumba ambamo mtu alipata kuketi na kupima. Ilijulikana kwa sababu mtu mmoja, alipoona vipimo vyake vimegawanyika pande mbili, alikataa kuvichanganya.